Tundu Kwenye Barafu

Ukikaa na Ardis Haugen hata kikombe kimoja cha kahawa, lazima ungeyasikia maneno yake: samaki hawafi kwa baridi, samaki wanakufa kwa kukosa tundu. Aliyasema kanisani baada ya ibada, akayasema kwenye foleni dukani, akamwambia hata daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba. Na tangu majira ya kuchipua ya mwaka uliopita alikuwa akiyasema zaidi mezani kwake, jicho limemkazia mumewe Verlyn, naye Verlyn jicho limekazia sahani.

Hawakujaaliwa mtoto. Wenzake wana wajukuu, Ardis alikuwa na bwawa. Alilichimba kwa mikono yake nyuma ya nyumba mwaka aliostaafu upishi wa shule, akalichimba la kina kirefu, maji ya kumfika mtu mzima kifuani, maana huku kaskazini mwa Minnesota bwawa la kina kifupi huganda mpaka chini na kilichomo ndani kikawa jiwe. Akatia samaki wa mapambo, wale wakubwa wenye mabaka mekundu na ya dhahabu, kumi na mmoja kwa hesabu. Walikuwa wakimjua kwa nyayo. Akikanyaga tu ukingoni wanamjia vinywa wazi, na yeye anawaita kila mmoja kwa jina lake.

Kufuga samaki wa namna hiyo kiangazi ni mchezo wa watoto. Kazi ni baridi. Majani yakishaanza kuanguka samaki hawali tena. Wanashuka chini kwenye maji mazito, wanajibanza pamoja, pumzi moja sasa, nyingine baadaye sana. Barafu inawafunga juu kama kifuniko cha sufuria. Huko chini majani yanaoza, na uozo unatoa hewa mbaya, na hewa hiyo isipopata pa kutokea inarudi kwa samaki. Ndiyo maana lazima pawe na tundu kwenye barafu, ukubwa wa sahani tu, majira yote ya baridi. Ardis alikuwa na hita ndogo ya umeme inayoelea kwenye tundu, na pampu ya kupuliza hewa majini. Na tundu likiziba hupigi barafu kwa nyundo, thubutu, ule mshindo unapita majini na kuwapasua samaki masikio. Unatenga sufuria ya maji ya moto juu ya barafu, unasubiri iyeyuke yenyewe. Hilo nalo alilisema kwa kila mtu.

Basi mwaka ule uliopita dada yake LaDonna akapasuliwa goti huko mjini Fargo, na Ardis akaenda kumuuguza. Baridi ikaja kali. Verlyn, maskini, akamwonea huruma mkewe na samaki wa mkewe. Akaleta mbao akazipanga juu ya bwawa, juu ya mbao akatandaza majani makavu, juu ya majani akavuta turubai, na pembeni kote akashindilia theluji kwa koleo mpaka pakawa kimya kabisa. Umeme akauzima, kwa kuwa bwawa lilikuwa limeshafunikwa, la nini tena kuchoma umeme? Alifanya kazi hiyo siku nzima na mgongo wake ule mbovu.

Ardis aliporudi alifunua turubai peke yake. Chini ya mbao barafu ilikuwa angavu kama kioo cha dirisha, na chini ya kioo samaki wake kumi wamelala matumbo juu, vinywa vimebandikwa kwenye barafu.

"Niliwafunika," Verlyn alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Uliwafunika! Kama maiti! Na maiti wamekuwa!"

"Nilidhani watapata joto, mke wangu."

"Nani alikwambia samaki anataka joto? Miaka yote hii unanisikia, ulikuwa unasikia nini? Redio?"

Akasalia mmoja, yule mkubwa kuliko wote, mweupe mwili mzima na doa jekundu utosini. Ardis alimpa jina la Mchungaji, kwa sababu hufungua kinywa muda wote na hakuna anayejua anasema nini. Alipomwona bado anapepesa mapezi huko chini, alipiga magoti kwenye tope na kulia kwa sauti. Kisha akainuka, akamgeukia mumewe, akamwambia neno ambalo lilikaa ndani ya nyumba ile tangu siku hiyo kama mgeni asiyeaga.

"Huyu naye akifa, Verlyn, mimi naondoka. Nakwenda Fargo kwa LaDonna, na usinifuate."

Verlyn aliivaa kofia yake. Alikuwa ameendesha gari la kusukuma theluji la wilaya maisha yake yote ya kazi, mtu wa kukaa peke yake na taa mbili mbele. Maneno hayakuwa fani yake. Lakini toka siku ile akawa mtu wa kuomba ruhusa. Ardis, nifungue? Ardis, nifunge? Ardis, niwashe au niache? Jirani yao Gaylen Brekke alikuwa akimcheka mchana kweupe. "Mzee, siku hizi hata chafya unaiombea kibali!" Verlyn anacheka naye, kidogo tu, halafu anatazama dirisha la jikoni kuona kama mkewe amesikia.

Na Ardis alikuwa amesikia. Nisifiche: ilimpendeza. Alikuwa mwanamke mwema, atakupikia ukiumwa, atakushonea soksi, lakini kusamehe kulimwia kugumu, na alipoona hukumu yake inamfanya mzee wa watu atembee kwa kunyata nyumbani kwake mwenyewe, alijiambia, acha ajifunze.

Ikaja Januari. Asubuhi moja jua likachomoza na majua mengine mawili ya uongo, mng'ao tu wa chembe za barafu hewani, moja kila upande, na wenyeji wakiona hivyo wanaingiza kuni ndani bila kuulizana. Baridi ilishuka nyuzi arobaini chini ya sifuri, pale ambapo vipimo vya Kimarekani na vya dunia nzima vinakubaliana kwamba hapafai. Miti ilikuwa inapasuka msituni kwa mlio wa bunduki. Upepo nao ukaanza. Kabla kahawa haijapoa, friji ikanyamaza, na tanuru la kupasha nyumba joto likanyamaza, na Ardis akaweka kikombe chini.

"Umeme," alisema.

"Umeme," Verlyn akaitikia, na tayari alikuwa anavaa mabuti.

Hakuuliza habari ya nyumba. Nyumba ingehimili, yeye mwenyewe alikuwa ameiandaa mwezi wa kumi kama anavyofanya kila mwaka: kila dirisha alilibandika nailoni kwa ndani na kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma, kila ufa akauziba, na nje akarundika theluji kuzunguka msingi wote. Alikuwa anawaza bwawa. Pampu imesimama, hita imesimama, tundu litaanza kufumba.

"Naleta jenereta," alisema.

"Ile ya ziwani?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Itaendesha pampu na hita, mbona."

Ilikuwa jenereta ndogo ya kibanda chake cha kuvulia, kile anachokiburuza juu ya barafu ya ziwa kila msimu na kukaa humo na ndoano na kimya chake. Aliitoa nje ya gereji, akavuta kamba, ikakohoa, ikafa. Akavuta tena. Oili ilikuwa imekuwa nzito kama asali. Ardis alikuwa anamtazama dirishani, mzee amejikunja mbele ya kile chuma, ndevu zimeota barafu.

Sasa hapa pana jambo. Ardis alijua, tena alijua vizuri kuliko mtu yeyote wilayani, kwamba samaki mmoja kwenye bwawa lile kubwa anaweza kukaa siku mbili tatu bila pampu na bila hita, na asipungukiwe na kitu. Sufuria moja ya maji ya moto mchana, moja jioni, basi. Jiko lao lilikuwa la gesi, unawasha kwa kiberiti. Angefungua mlango tu na kusema, mzee, rudi ndani, tutatumia sufuria. Alijua, akanyamaza. Acha ahangaike kidogo, alijiambia. Samaki wangu mwaka jana hawakuhangaika?

Mwishowe Verlyn akairudisha jenereta ndani ya gereji, penye nafuu ya upepo. Ule mlango mkubwa wa kuingizia gari akauacha umeinuka mpaka magotini, akauwekea kipande cha gogo chini usishuke. Akavuta kamba. Ikanguruma.

"Imewaka!" alipiga kelele kama mtoto. "Ardis! Imewaka!"

Waya ulipita chini ya mlango, ukazunguka nyumba, mpaka nyuma. Ardis akatoka na tochi kutazama, akakuta mapovu yanapanda kwenye tundu. Tochi ikafifia, ikazima. Akarudi akigonga gonga kichwa cha tochi kiganjani.

"Betri, Verlyn."

"Mpya hakuna."

"Toa popote. Nitamwonaje Mchungaji kule chini?"

Verlyn akaingia ndani, akasikika kwenye korido anavuta kiti, akarudi na betri mbili kiganjani.

"Za wapi hizi?"

"Za popote," Verlyn akasema, na Ardis akacheka pasipo kutaka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa neno la mumewe tangu mwaka jana, na mzee alibaki amesimama pale amefurahi, mikono haijui pa kwenda.

Laiti siku ile ingeishia hapo.

Gereji ile imeungana na jiko, mlango mmoja mwembamba katikati. Upepo uliokuwa ukipita chini ya ule mlango mkubwa ulipita gereji nzima ukaja kutafuta jiko. Ardis alikuwa ameinjika maji alipousikia ukimlamba visigino. Akafungua bomba la sinki, likatema mate, likasita, likatema tena. Bomba la maji lilipita kwenye ukuta ule ule wa gereji, na mwaka fulani lilishapasuka kwa baridi, sakafu yote ikang'olewa. Akausukuma mlango.

"Verlyn! Hebu funga mlango huo, baridi yote inaingia! Bomba litapasuka!"

Nani huku hajawahi kusema hivyo? Funga mlango, ndilo neno la kwanza mtoto wa Minnesota analofundishwa baada ya mama na baba. Verlyn alikuwa amekaa juu ya ndoo yake ya kuvulia aliyoipindua, karibu na mashine. Akaitazama jenereta. Akautazama mlango na lile gogo. Akamtazama mkewe.

"Lakini, Ardis..."

"Lakini nini?"

Aliisema kwa sauti ile. Ukiwa umeoa au umeolewa unaijua. Haiulizi kitu, inafunga tu.

Verlyn akafumba kinywa. "Hamna," alisema. "Hamna kitu, mama."

Akainuka, akalipiga gogo teke, na mlango ukashuka mpaka chini, mpira wake ukaukumbatia waya.

"Na usiiache ikazimika."

"Sibanduki hapa."

Ardis akafunga mlango wa jikoni. Kisha, kwa kuwa bado kulikuwa na kijibaridi kinapenya chini, akachukua taulo, akalikunja vizuri, akaliziba lile pengo kwa ncha ya kiatu. Mganga hajigangi. Mwanamke aliyehubiri tundu mji mzima alilishindilia taulo lile mpaka likakaa sawa, akajipangusa mikono, akaona amefanya kazi nzuri.

Kahawa ikachemka. Akakaa na soksi zake za kufuma na blanketi magotini. Ngurumo ya jenereta ilisikika ukutani, sawasawa, haipandi haishuki, na ilimtuliza. Baada ya muda kichwa kikaanza kumgonga. Akasema ni baridi. Akanywa kahawa ya pili, kikamgonga zaidi, na mishono ikaanza kumpotea mkononi. Akavaa koti, akaenda kutazama bwawa, na huko nje, kwenye ubaridi wa kukata masikio, kichwa kikamwacha kabisa. Hewa safi ni dawa, akajisemea. Akarudi ndani, akakaa, na kichwa kikarudi kumkuta pale pale kwenye kiti.

"Verlyn!" aliita. "Kahawa ipo!"

Jenereta ikanguruma.

"Mkaidi," alisema Ardis. Kasema habanduki, basi habanduki. Usingizi ulikuwa unamjia, mzito, mtamu, usingizi wa mchana ambao hajawahi kuwa nao maishani mwake. Tumbo nalo likamchafuka. Alidhani ni supu ya jana. Kilichomwinua kwenye kile kiti hakikuwa hofu, jamani, bali ni mazoea tu: saa ya kumtazama Mchungaji ilikuwa imefika.

Jua lilikuwa limeanza kuinama, na yale majua mawili ya uongo bado yanalisindikiza. Ardis alijikwaa ngazini, akatapika kwenye theluji, akajifuta mdomo kwa glavu, akaona haya ingawa hakuna aliyemwona. Akapiga magoti kando ya bwawa. Tundu lilikuwa wazi, duara safi, mvuke unapanda. Mapovu yalikuwa yanakuja, yanakuja, hayakati. Akaelekeza tochi majini, na huko chini kabisa, kwenye weusi, akaliona lile doa jekundu. Akasubiri. Shavu la samaki likafunguka, polepole, likafumba.

Yu hai.

Na hapo, magoti yameganda na kichwa kinaanza kufunguka kwa hewa, kitu fulani kikamlegea Ardis kifuani. Mapovu yale alikuwa anayapuliza Verlyn. Mzee ana mgongo mbovu, amekaa kwenye ndoo tangu asubuhi, kwa sababu ya samaki mmoja ambaye hata hampendi. Mwaka mzima anatembea kwa kunyata. Yatosha, Ardis alisema, na aliisema kwa sauti. Yatosha sasa. Ataingia, atapasha ile mikate ya mdalasini iliyobaki, atamwita na kumwambia, mzee, yameisha. Alitamani hata aone uso wake atakapomwambia.

Akageuka kuitazama nyumba.

Madirisha yote yalikuwa na nailoni, na nyuma ya nailoni ukungu umejaa kiasi kwamba huoni ndani. Theluji imeshindiliwa kuzunguka msingi. Kila ufa una gundi. Mlango wa gereji umefungwa mpaka chini, na chini ya mlango wa jikoni kuna taulo, alilolishindilia mwenyewe. Ardis aliitazama nyumba yake na akaona mbao, majani makavu, turubai. Akaona vinywa vimebandikwa kwenye barafu.

Nyumba haikuwa na tundu.

Hajui alivyofika. Alizunguka nje mpaka mbele ya gereji, akashika mpini wa ule mlango mkubwa, akavuta, na mwanamke yule wa miaka sabini aliuinua mlango ambao kwa kawaida unainuliwa na mota. Hewa ilimpiga usoni, ya uvuguvugu na ya kunuka. Jenereta ilikuwa inanguruma kwa raha zake. Verlyn alikuwa amekaa juu ya ndoo, ameegemea rafu ya vifaa, kofia magotini, mkono mmoja juu ya mashine kama unavyomwekea mbwa mkono. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Alionekana mwenye afya kuliko alivyokuwa miaka mingi.

"Verlyn. Kahawa." Akamtikisa. "Mzee, amka. Mzee wangu, yameisha, nimesema yameisha, amka!"

Kile kigari cha plastiki anachokokotea vyombo vya uvuvi kilikuwa ukutani. Akamwangusha juu yake, akamburuta hadi kwenye theluji, akapiga mayowe ambayo Gaylen Brekke aliyasikia ng'ambo ya barabara madirisha yakiwa yamefungwa. Gaylen alikuja bila koti. Alimkandamiza mwenzake kifua mpaka mikono ikamfa ganzi. Gari la wagonjwa lilichelewa kwa theluji ya barabarani, na lilipofika lilikuwa linafuata nyuma ya gari la kusukuma theluji, lile lile aliloliendesha Verlyn, dereva mpya ndani yake amevua kofia.

Kijana mmoja wa zimamoto, mvuvi wa ziwani naye, alikuwa anazunguka gereji na kutikisa kichwa.

"Sielewi," alimwambia Gaylen. "Mzee huyu ndiye aliyetufundisha sisi wote. Ukiwa na injini kibandani, acha tundu, hata ufe kwa baridi acha tundu. Alikuwa anatuimbia kila msimu. Mzee Verlyn afunge mlango? Haiwezekani. Nani alifunga mlango huu?"

"Mimi," Ardis alisema. Alikuwa amekaa nyuma ya gari la wagonjwa, blanketi mabegani, kinyago cha hewa mkononi. "Alitaka kuniambia. Nikamwambia afunge."

"Usiseme hivyo, dada," Gaylen alimshika bega. "Huo ni mshtuko."

"Alisema, 'Lakini, Ardis.'"

"Umepumua ile hewa nawe. Vaa kinyago, tafadhali."

Hakuna aliyemsikiliza. Watu wema wana tabia hiyo. Umeme ulirudi jioni ile ile, taa zikawaka kwenye nyumba tupu, hita ikashika moto wake, pampu ikapuliza. Ardis aliporudishwa kutoka hospitali alikuta kwenye korido kile kidude cha ukutani kinacholia hewa ya nyumba ikiingia sumu ya moshi, kifuniko kinaning'inia, matundu ya betri ni matupu. Kiti kilikuwa bado chini yake. Tochi alikuwa nayo mfukoni.

Baada ya mazishi wanawake wa kanisani walileta mabakuli yao ya viazi na nyama, mengine juu ya mengine, na kila aliyeingia aliufunga mlango upesi nyuma yake, baridi isiingie. Ardis aliinuka kila mara akaufungua tena. Alichana nailoni ya dirisha la jikoni kwa kisu, akainua kioo kiasi cha shubiri, akalilaza chini yake lile gogo la gereji. Dada yake LaDonna, aliyekuja na fimbo yake ya goti kutoka Fargo, alikaa mezani amevaa koti na kofia.

"Funga dirisha, mdogo wangu, tutakufa humu."

"Hatutakufa."

LaDonna akaliacha. Alikuwa amekuja kwa jambo jingine. "Twende kwangu. Chumba kipo. Si mwenyewe ulikuwa unasema utakuja?"

"Nilisema samaki akifa."

"Basi?"

"Samaki hajafa," alisema Ardis, na akauficha uso kwenye kitambaa cha sahani, na LaDonna akamwacha alie. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hakwenda Fargo. Barafu ilipoanza kulegea mwezi wa nne, tundu likapanuka kutoka sahani kuwa sinia, kutoka sinia kuwa bwawa. Siku ya kwanza ya maji matupu Ardis alichukua ile ndoo ya gereji, akaipindua ukingoni, akaikalia. Gaylen alimwona kutoka ng'ambo, akainua mkono, yeye hakumwona. Mchungaji alikuwa amezisikia nyayo. Alipanda kutoka chini bila haraka, mkubwa, mweupe, doa lake jekundu utosini, akaja mpaka penye mabuti yake, akatoa kinywa nje ya maji. Akakifungua, akakifumba. Akakifungua tena.

Ardis aliinama, viwiko magotini, akasogeza sikio karibu kabisa na maji.

"Lakini nini, Verlyn?" aliuliza. "Sema. Nakusikiliza."